Mgeni Aingiaye kwa Waya Naye Asaini Kitabu

Kibanda cha Lango Kuu,
Kiwandani, Mwanza.
14 Agosti 1997

Ndugu Meneja Mkuu,

YAH: KUJIELEZA KUHUSU MINOFU ILIYOYEYUKA, NA MALALAMIKO DHIDI YA WAYA WA SIMU

Kichwa cha habari hapo juu kimeniuma hata kukiandika. Mimi Maige Chenge, mlinzi wa lango tangu kiwanda hiki kikiwa cha umma, nimepokea barua yako ya jana inayonitaka nieleze ndani ya siku saba kwa nini nisiachishwe kazi. Unasema Jumanne saa sita mchana mtu asiyejulikana aliingia kwenye mtambo wa ubaridi, akauzima, na tani nne za minofu ya sangara zikaharibika. Unauliza mlinzi nilikuwa wapi. Nilikuwa langoni. Kwa miaka kumi na tisa hajapita kiumbe bila kuandikwa; hata paka wa jikoni yumo, ukurasa wa 212. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi Mei, Injinia Rugemalira alifunga kisanduku chenye taa za kijani, akakiunganisha na simu ili mtaalamu aliyeko Ulaya aone ubaridi wa vyumba vyetu kwenye kompyuta yake na kuurekebisha bila kupanda ndege. Waya huo haukupita langoni. Ulirushwa juu ya ukuta upande wa ziwa, mahali ambapo mtu yeyote akionekana tunampigia filimbi. Nilimwuliza Injinia nani anaulinda, akasema unalindwa na neno la siri. Nikamwuliza kama neno hilo lina rungu. Akaendelea kukaza skrubu za kisanduku chake.

2. Mtaalamu huyo huingia kila siku na hajawahi kunisalimu. Nina miaka hamsini na minane. Nimemlalamikia Injinia mara mbili kwamba mtu haingii kwenye mji wa watu kimyakimya, akacheka mbele ya vijana wa zamu.

3. Akitoka hapekuliwi. Akina mama wanaokata minofu tunawapekua mpaka kwenye vilemba, na Mama Paskazia alirudishwa ndani kwa ajili ya kichwa kimoja cha samaki. Huyu wa kwenye waya huondoka na taarifa za kiwanda kizima bila kibali cha kutoa mali.

4. Kwa hiyo napendekeza waya ushushwe ukutani, upitishwe kibandani kwangu, ukatwe katikati, na ncha mbili nizishike mimi. Simu ikiita, nitamwuliza mpigaji jina lake, atokako na anayekwenda kumwona. Akijibu vizuri nitaziunganisha ncha. Nikiwa nakula, atasubiri kama wageni wengine. Masika nipewe glavu.

5. Mtambo wenyewe upelekwe mafunzo ya mgambo. Umekaa na sisi miaka mitatu na bado unamtii yeyote anayeuamuru, jambo ambalo mlinzi wa siku ya kwanza hawezi kulifanya. Ukifaulu, upewe sare.

6. King'ora cha zamu kisiunganishwe kabisa. Leo wamechezea barafu. Kesho king'ora cha saa kumi kitalia saa tatu asubuhi, watu wote wataenda nyumbani, na mimi nitaandikiwa barua nyingine.

Jambo moja tu lilifanywa sawasawa, nalo nalisifu. Kanuni yetu inasema ufunguo haukai mfukoni mwa mtu. Funguo zote hukaa langoni. Kwa hiyo neno la siri nalo liliandikwa kwenye karatasi nikakabidhiwa. Linaning'inia msumari namba 14, kati ya ufunguo wa stoo ya chumvi na ule wa choo cha wageni. Sijampa mtu yeyote asiyefuata utaratibu.

Jumanne kitabu kinaonyesha wageni wawili tu: mkaguzi wa mizani, na bwana mmoja mwenye adabu sana ambaye sina shaka naye hata kidogo. Aliyezima mtambo basi alipita kwenye waya, na waya si lango langu. Naomba kazi yangu, Ndugu Meneja. Sijui nyingine, na ninaogopa kurudi kijijini kwetu Bujora nikiitwa mwizi wa samaki ambao hata sikuwaonja.

Nifikishie salamu kwa Mama Celestina wa jikoni, akina mama wote wa visu, na mtambo.

Wako langoni, mvua na jua,
Maige Chenge

Nyongeza: Ili usipate taabu ya kutafuta kitabuni, yule bwana mwenye adabu alikuja kwa simu. Alisema ndiye mtaalamu wa Ulaya na amesahau neno la siri. Nilifurahi kuona lalamiko langu namba mbili limefanyiwa kazi, kwa maana alianza hivi: "Shikamoo, Ngosha." Nikamwitikia marahaba. Alizungumza Kisukuma kizuri kuliko Injinia, na akauliza habari za Bujora mara tu nilipomwambia natoka Bujora. Alitaja jina, atokako, na kwamba anakwenda kumwona mtambo, nikamsainia mwenyewe kwa kuwa yuko mbali, kisha nikamsomea karatasi ya msumari namba 14. Kuingia, saa nne na robo asubuhi. Sehemu ya kutoka bado haijasainiwa.