Mstari wa Kumfungia Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Meneja katangaza: Ijumaa atateua mkuu wa kitengo cha mitandao. Kitengo kina watu wawili. Mimi, miaka tisa hapa kiwanda cha magodoro, kila waya wa jengo umepita mikononi mwangu. Na shemeji, mume wa dada yangu: miezi mitano, cheti kipya, shati la pasi. Na kazi nilimwombea mimi! Dada alilia jikoni kwangu, moyo ukalainika. Nimejipalia makaa.

Dawa ipo. Ndani ya ruta, mtambo unaogawa mtandao kiwandani, kuna orodha ya ruhusa: mistari inayosema kompyuta ipi ipite, ipi izuiwe. Nimeongeza mmoja chini kabisa: kompyuta ya shemeji, zuia. Juu yake nikaandika maelezo: "Wa kumkomesha shemeji. Usifute." Mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kashinda mtandaoni raha mustarehe. Kanitumia hadi picha ya paka. Nikachunguza. Ruta huisoma orodha kuanzia juu. Ikikuta mstari unaomhusu mtu inautii, haiendelei. Na juu ya mstari wangu upo unaosema wote wapite. Miaka tisa! Nimeona aibu peke yangu.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi nimefuta orodha nzima, nikabakiza mstari wangu na maelezo yake. Safi.

Saa nne na dakika tano kiwanda kikasimama. Kumbe ruta ikifika mwisho wa orodha ina sheria yake isiyoandikwa: asiyeruhusiwa kwa maandishi, azuiwe. Na mimi sikumruhusu hata mtu mmoja. Mama wa stoo hawezi kutoa hati za mizigo, malori sita yanapiga honi getini. Meneja kakatikiwa na mkutano wa wateja katikati ya tabasamu. Nikakimbilia kompyuta yangu nirekebishe. Nami nimefungiwa!

Ikabaki kuingia chumba cha mitambo na kuchomeka waya kwenye ruta yenyewe. Ufunguo anao shemeji. Kaenda mwenyewe, karudishia nakala ya orodha ya zamani, dakika nane, kila kitu kikarudi. Mama wa stoo kampigia makofi. Nami nikapiga, maana watu walikuwa wananitazama.

Alhamisi, 6 Machi
Meneja kataka kuiona orodha iliyoleta balaa. Shemeji kaichapisha bila kuikagua. Meneja akaisoma kwa sauti mbele yetu, maelezo na yote, kisha akauliza shemeji ni nani.

Nikaona upenyo. Nikasema ni mimi. Huyu bwana huniita shemeji kila siku, hata mama wa stoo ni shahidi, kwa hiyo aliyekusudiwa kukomeshwa ni mimi. Nikatoa na leso. Meneja karibu aamini. Halafu akauliza, taratibu tu, mbona kompyuta iliyozuiwa ni ya mwenzangu.

Leso nikairudisha mfukoni.

Shemeji alinitazama bila hasira. Afadhali angekasirika. "Shemeji," akasema, "ungeniambia tu kwamba unakitaka hicho cheo. Ningekuachia."

Meneja alitaka nikabidhi vitu vyangu leo leo. Shemeji ndiye aliyeniombea, akasema hakuna anayezijua nyaya za jengo hili kama mimi. Jioni dada kapiga simu. Nilijiandaa kugombezwa. Akasema tu wanangu wameshakula kwake, nipite kuwachukua. Nilikosa pa kuweka uso.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kateuliwa. Mimi nimenyang'anywa nywila ya ruta. Naruhusiwa kuangalia tu. Nimeangalia kutwa nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Dada kajifungua mtoto wa kiume! Shemeji kachukua likizo ya wiki, na kabla ya kuondoka kanirudishia nywila. Kanishika bega, kasema ananiamini. Machozi yakanilengalenga.

Nimekaa nikayatafakari yote niliyotenda, chai ikapoa mbele yangu. Mtu lazima ayakubali makosa yake. Langu nimeliona: nilimfungia shemeji akiwepo ofisini na ufunguo mfukoni.

Sasa hayupo. Nina siku tano. Nimekunja mikono ya shati.