Vita vya Kapasita Kumi na Tisa

Aliyelala na aamshwe, aliyesimama na atafute kigoda, na mwenye chungu jikoni apunguze moto, kwa maana nasimulia vita ambavyo, kwa bahati yangu mbaya, nilivishuhudia mwenyewe. Shujaa wake ni shemeji yangu, mume wa dada, Simba wa Lehemu, Mfufua Redio, aliyenunua kabati la gemu la kizamani, lenye skrini na vitufe, bovu, refu kumshinda yeye, akalisimika dirishani palipokuwa na cherehani ya mkewe. Cherehani ikahamia koridoni kwenye kiza. Miezi saba dada akashona mapazia ya watu katika kiza hicho.

Asubuhi ile akachoka. "Saa kumi anakuja mtu wa chuma chakavu. Likionyesha picha kabla hajafika, libaki. Lisipoonyesha, analibeba, na mimi narudi dirishani kwangu. Macho yangu yamekwisha, baba!"

Shujaa akaweka mkono kifuani, juu ya doa la chai, akanena: "Ewe mke, taa ya nyumba hii! Kapasita za skrini hii, vikopo hivi vya kutunza umeme, zimezeeka, zimevimba vichwa, zimekauka matumbo. Nitazing'oa zote, na kabla jua halijainama, picha itasimama!"

"Saa kumi," dada akasema.

Basi akavua pete na saa, akatwaa bisibisi yenye waya, akautoa umeme uliojificha ndani ya skrini. Ukalia pa! Shujaa akaruka nyuma, akanikanyaga kidole, kisha akatangaza kwamba adui amekimbia.

Kapasita kumi na tisa zikaanguka siku ile. Kila moja ilizikwa kwa hotuba katika kopo la maziwa, na mpya ikaungwa mahali pake kwa risasi ya lehemu, hasi kwa hasi, chanya kwa chanya, huku moshi ukitupalia. Chakula cha mchana akakikataa, eti shujaa hali vitani. Nikala sahani zote mbili.

Saa tisa na nusu akawasha. Yeye alikuwa nyuma ya kabati, nami nikapewa cheo cha Mshika Kioo, nimshikie kioo cha kujitazamia mbele ya skrini aione picha.

"Nena, Mshika Kioo! Waona nini?"

"Mstari, shemeji. Mmoja tu, katikati."

Akaketi sakafuni, machozi yakamlenga. Hapo, wallahi, sikumcheka. Alilipenda lile kabati.

Dada akatokea jikoni na mwiko mkavu wa mbao. "Umebadilisha ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na viungo vya zamani vya lehemu, umevikagua?"

Simba wetu, mwenye miwani miwili, hakuwa amekagua hata kimoja, kwa kuwa kukagua hakuna hotuba. Dada akapenyeza mpini wa mwiko, akagonga bodi polepole huku na kule, kama anayechagua tikiti sokoni. Mstari ukaruka ukawa picha, ukarudi mstari.

"Hapa. Cherehani ikigoma huwa natafuta ubovu wake hivi hivi."

Kwenye mguu wa soketi ya bodi, risasi ya zamani ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele. Shujaa akazima, akautoa umeme tena, akadondosha tone moja la risasi. Akawasha. Picha ikasimama, imenyooka pembe zote nne.

Mlango ukagongwa. "Rudi ulikotoka!" shujaa akanguruma. "Hapa hatuuzi historia!" Mtu wa chuma chakavu akapewa kopo la kapasita, akaondoka akitikisa kichwa.

Shujaa alipogeuka, dada alikuwa ameshakaa, vidole kwenye vitufe, hapepesi macho.

"Mke wangu, nami nijaribu kidogo?"

"Wewe nenda koridoni. Mapazia ya mteja ni ya leo, yamebaki mapindo sita."

Basi na iandikwe, na watoto wafundishwe, kwamba Simba wa Lehemu aliangusha kapasita kumi na tisa zisizo na hatia, akashinda kwa tone moja alilooneshwa na mwiko, na akausherehekea ushindi wake kizani, amekodoa macho juu ya pindo la tatu, ambalo lilikwenda upande. Kila baada ya dakika mbili sauti yake ilisikika kwa unyenyekevu mkubwa:

"Picha bado imesimama?"

"Imesimama. Shona."