Nani Atampeleka Meneja Makumbusho

Jumatatu, 4 Machi

Nimekasirika. Naandika nikiwa bado nimekasirika, ili nikija kusoma nisijidanganye kwamba yalikuwa mambo madogo.

Jioni nilipita kwa kaka yangu kumwona mtoto wao. Tunamwita Meneja. Hajatimiza miaka miwili na hajawahi kuomba kitu, anaagiza. Nilimkuta wifi anapiga pasi. Akaniambia kuanzia mwezi huu ana masomo kila Jumamosi, kaka naye siku hiyo yuko kazini, kwa hiyo wanatafuta mtu wa kukaa na mtoto. Nikafungua mdomo nijitolee. Akaniwahi. Mdogo wake ameshaonyesha nia, na Jumamosi hii, kabla masomo hayajaanza, anampeleka Meneja Makumbusho ya Watoto kule mjini. Ameshaweka nafasi kwa simu.

Mdogo wake! Yaani mama mdogo. Msichana anayepaka kila ukucha rangi yake. Meneja akimwona hukimbia mikono juu akiita "Mamdo, Mamdo." Mimi shangazi mtu, damu moja na baba yake, ananiita "Huyu."

Nikatabasamu. Nikamaliza chai. Nikarudi kwangu nikabamiza mlango, ingawa naishi peke yangu na hakuna wa kusikia. Nikaufungua, nikaubamiza tena.

Jumanne, 5 Machi

Kazini. Niko mapokezi kwa daktari wa meno. Leo nimemwambia mgonjwa kwamba jino lingekuwa linauma kweli asingeingia hapa anatafuna karanga. Daktari akatoa kichwa mlangoni, akauliza nina nini. Nikasema sina kitu. Akarudi ndani haraka.

Mpango umenijia saa tano, nikipanga mafaili. Mtu hawezi kumpeleka mtoto mahali palipofungwa.

Wakati wa chakula nikajifungia stoo, kati ya maboksi ya glavu, na simu ya ofisi. Nikabana pua. Nikampigia mama mdogo, nikajitambulisha kuwa ni Makumbusho. Kwa masikitiko makubwa, Jumamosi tunafunga kwa ajili ya ukarabati. Akauliza ukarabati wa nini. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema mabomba. Samahani kwa usumbufu. Akanipa pole ya kazi, kwa upole kabisa, nikakata simu nimekasirika kuliko mwanzo. Mtu gani huyo anatoa pole kwa bomba?

Hata hivyo, kazi imekwisha. Nimekula chakula changu na cha daktari.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia wifi. Nikasema kwa bahati Jumamosi nina nafasi, naweza kumpeleka Meneja Makumbusho. Wifi akasema haiwezekani, pamefungwa, mabomba yamepasuka. Makumbusho wenyewe wamempigia mama mdogo.

Ile nusu ya pili ya mpango sikuwa nimeifikiria. Nikasema huenda wamekosea. Wifi akauliza nimejuaje. Nikasema nimekisia tu. Akauliza mbona napumua hivyo. Nikasema basi, iwe Jumapili. Akafurahi sana, kwa sababu mama mdogo naye amehamishia Jumapili. Twende wote, yeye apate kulala. Kwa nyuma nikamsikia kaka anacheka, yule yule niliyembeba mgongoni tukiwa wadogo.

Nikasema vizuri sana. Nimeuma kalamu mpaka imepasuka. Ilikuwa ya daktari.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda Makumbusho kupeleleza. Jemadari haingii vitani bila kujua milango iko wapi. Nilitaka kujua choo kilipo, kivuli kilipo, na chumba gani kitamfanya mtoto ampende aliyemwingiza.

Pamefunguliwa. Watoto kama siafu. Nikapita chumba cha maji, chumba cha matofali ya sponji, nikafika mwisho wa ukumbi. Kuna mdomo! Mdomo mkubwa wa plastiki, una fizi, una meno, una ulimi wa kupanda na koo la kutambaa hadi upande wa pili. Mimi ambaye nimekaa kati ya meno ya watu maisha yangu yote. Hapa ndipo Meneja atakaponijua.

Nikageuka. Mama mdogo amesimama nyuma yangu.

"Shangazi," akasema, "mabomba yamepona?"

Nikataka kusema sijui anaongelea mabomba gani. Akaniwahi. Akaeleza, bila hasira yoyote, kwamba alinitambua tangu Jumanne. Hajasikia mtu mwingine anayeomba samahani kwa usumbufu huku anagomba. Leo amekuja kuhakikisha tu. Hamwambii dada yake, nisiwe na wasiwasi. Akaninunulia maji.

Nimeyanywa. Sijawahi kuudhiwa na maji namna ile. Nani alimwomba anisamehe?

Jumapili, 10 Machi

Siku yenyewe. Mkono wa kulia unauma, naandika hivyo hivyo.

Tulifika mapema. Mimi nilibeba begi: nepi, nguo za akiba, kofia, dawa ya homa, dawa ya kuumwa na wadudu, biskuti. Mama mdogo alibeba miwani ya jua. Meneja alimkimbilia, kisha akanitazama, akatoa taarifa: "Huyu."

Chumba cha maji hakukitaka. Matofali alimrushia mtoto wa watu. Nikamwonyesha kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Akakaa juu yake, akala biskuti. Mama mdogo akaomba ampeleke kunawa. Hawakurudi. Nikawafuata chooni, nikamkuta Meneja amesimama chini ya mashine ya kukaushia mikono, amefumba macho, nywele zinapepea. Ikizima anasema "Tena." Mama mdogo anaiwasha. "Tena." Jengo zima la elimu, wataalamu wamekaa vikao, na mtoto wetu amechagua choo.

Nikasema inatosha, watu watatushangaa. Nikambeba. Akapiga kelele hadi mwisho wa ukumbi, mwili umenyooka kama ubao. Watu wakatushangaa.

Mbele ya ule mdomo akanyamaza. Nikajua saa yangu imefika. Nikamweka chini, nikaanza kumweleza magego ni yapi na yanafanya kazi gani. Hakuingia. Nikaamua kumwonyesha njia. Mhudumu akanionyesha kibao: Watoto tu. Nikamjibu kwamba kibao hakisemi umri, na mimi pia ni mtoto wa mtu. Akafikiri. Alipokuwa bado anafikiri nikaingia.

Ulimi niliupanda vizuri. Koo ndilo lililonikamata. Mabega yalipita, kiuno kikakataa. Nikarudi nyuma, kiuno kikakataa na huko. Mkono wa kulia umebanwa chini yangu. Nyuma watoto wanapanga foleni na kusukuma soli za viatu vyangu. Mmoja akauliza mama yake kama mimi ni chakula.

Ningeweza kulia. Nililia kidogo, kwa hasira.

Kisha nikasikia kitu kinatambaa kutoka upande wa mbele. Meneja. Mama mdogo alikuwa amezunguka, akamweka kwenye tundu la kutokea, akamwambia shangazi yuko humo, nenda kamwone. Mtoto akafika hadi puani pangu. Akanikagua. Akanifuta jicho kwa kidole chenye biskuti. Halafu akalaza shavu lake juu ya langu, akasema: "Huyu angu."

Huyu wangu. Mimi.

Akalala pale pale. Mhudumu akaja na bisibisi kufungua koo kwa nje, nikamwomba kwa sauti ya chini asifanye haraka. Huko nje nikamsikia mama mdogo akiwaambia wazazi kwa adabu kwamba mdomo umefungwa kwa muda, kuna mtoto amelala. Mzazi mmoja akabisha. Mama mdogo hakuinua sauti, lakini yule mzazi aliondoka.

Tuliporudi, mama mdogo alimsimulia wifi kila kitu isipokuwa mabomba. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Ameamua tupokezane: Jumamosi moja ya mama mdogo, moja yangu. Mlangoni nikamshukuru mama mdogo. Nilimaanisha. Akasema nimtumie picha za mkono nikiona umevimba. Kumbe si mtu mbaya. Kumbe mimi ndiye nilikuwa na haraka ya kuchukia. Nimeandika hili kwa mkono unaouma na sitalifuta.

Jumatano, 13 Machi

Wifi alipiga jana jioni. Jumamosi ya kwanza ni ya mama mdogo, na anampeleka Meneja bustani ya mjini.

Ya kwanza! Nani alikaa kooni? Nani alilaliwa shavu?

Nimelala na hasira, nimeamka nayo, lakini safari hii nimetumia akili. Jengo letu lina fundi wa meno ya bandia, aliyefiwa na mke, mpole, ana wana wa kiume ambao mara ya mwisho waling'oa mlango wa friji ya ofisi. Nimemwambia kuna dada mmoja anamwulizia sana, na Jumamosi anakuwa bustani ya mjini asubuhi nzima. Amegeuka rangi. Atapiga pasi shati. Mama mdogo akishikwa na mazungumzo, mtoto atahitaji mtu mzima aliye karibu, na mimi nitakuwa napita njia.

Aliuliza tu kama aje na wanawe. Nikasema hapana. Alipofika ngazini nikamwita. Nimemwambia aje nao wote.