Sisimizi kwenye Tundu la Risasi

Jumatatu, 4 Machi

Wateja wanne leo. Wanne! Na mmoja wao alikuwa amepotea tu, anatafuta maktaba.

Bi Ushahidi alipita na msafara mrefu kama wa harusi. Ni mhadhiri wa historia hapa chuoni. Jina nimempa mimi, maana hamalizi sentensi mbili bila kutaja ushahidi. Nje ya darasa kazi yetu ni moja. Tunawatembeza watu kwa miguu katika mji huu wa chuo kikongwe, tunawaonyesha wakoloni walijenga nini, walifunga nini, na nani aliruhusiwa kuingia kwa mlango upi. Ila yeye ameshikilia jukwaa la sanamu ya gavana. Sanamu iling'olewa zamani, zimebaki nyayo zake mbili za shaba. Watu wanazipenda hizo nyayo! Wanapanda, wanasimama juu yake, wanapiga picha. Mimi nina nini? Nina tao la ukumbi wa mihadhara, na mdomo.

Niliwaeleza wanne wangu habari za maandamano yale ya enzi za mkoloni, ya wanafunzi na wafanyakazi waliochoka kupitishwa mlango wa nyuma. Nilieleza vizuri mpaka sauti ikanikatika. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, sasa hapa kuna nini cha kuona. Nikamwonyesha ukuta. Akautazama. Ukuta nao ukamtazama.

Nimerudi nyumbani na wazo. Nimeazima patasi kwa jirani fundi seremala, nikasingizia kitanda. Alinipa shingo upande. Akaniambia niitunze kama mboni ya jicho.

Jumanne, 5 Machi

Tundu tayari! Nimelichimba asubuhi kabla ya mihadhara, chini ya tao, usawa wa kifua. Mlinzi akatokea, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Hakuuliza.

Tatizo likawa rangi. Ndani lilikuwa jeupe pe. Risasi ya mkoloni haiachi tundu jeupe baada ya miaka yote hiyo. Nikakumbuka chupa yangu ya chai. Nikalowesha kitambaa, nikapaka, nikasugua na vumbi. Likazeeka papo hapo! Nilirudi nyuma nikalitazama, nikajipongeza kwa sauti.

Wateja wa mchana walilisogelea kwa zamu. Mmoja akaingiza kidole. Nikawaambia risasi iligota hapa baada ya kumwangusha kijana mmoja. Wakauliza kijana gani. Nikasema jina lake halijulikani. Na hapo sikudanganya, nilikuwa sijambuni.

Kichwa kikanivimba. Jioni nikampigia simu mama mkwe. Hajawahi kunitamkia, lakini najua anavyowaza: binti yake ni mwalimu wa hesabu, na amejiozesha kwa mtu anayezurura akinyoosha vidole kwenye majengo. Nikamwambia nimegundua kitu kikubwa. Tundu la risasi! La maandamano yale ya chuo! Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, kama nina hakika. Nikamjibu mia kwa mia.

Akasema anakuja.

Jumatano, 6 Machi

Ningejua ningekata ulimi.

Mke wangu aliniuliza nimemwambia nini mama yake, maana amempigia analia. Kumbe mama mkwe alikuwa na kaka. Alikuwa akiosha vyombo jikoni chuoni. Siku ile ya maandamano alivua aproni akaenda na wenzake, hakurudi. Mwili haukuletwa. Nyumbani walipata maneno tu, kwamba ameanguka chuoni. Mama mkwe alikuwa mtoto mdogo. Tangu hapo hajakanyaga mji huu, hata harusi yetu ilifanyika kwao kwa sababu hiyo hiyo.

Mke wangu anasema aliniambia haya yote wakati wa uchumba. Huenda. Siku hizo nilikuwa namtazama zaidi kuliko kumsikiliza.

Nikafungua mdomo niseme kweli. Wallahi nilifungua. Lakini akanishika mkono, akasema katika maisha yake yote mama yake ametaka kitu kimoja tu, mahali pa kumlilia kaka yake, na sasa mimi nimempatia. Hajanishika mkono hivyo tangu sijui lini. Nikafunga mdomo. Nimejiona mdogo kama punje.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe amefika kwa basi la asubuhi. Hakutaka chai, hakutaka kupumzika. Alitaka ukuta. Ameniita mwanangu mara nyingi kuliko ninavyostahili kuitwa maishani.

Tulipofika chini ya tao nikaona jambo lililonikausha mate. Sisimizi! Mstari mzima, umetoka sakafuni, umepanda ukutani, umeingia tunduni. Ile chai ilikuwa na sukari. Nilisahau kwamba nainywa tamu.

Nikajitia kukohoa, nikawafuta kwa kiwiko. Mama mkwe akanizuia. Akawatazama muda mrefu. Kisha akacheka, machozi yanamtoka, akasema kaka yake alikuwa mlevi wa sukari. Kila siku alichapwa kwa kuchovya kidole kwenye kopo. Na kila aliporudi kutoka jikoni chuoni alimletea yeye sukari kidogo kwenye kipande cha karatasi, akamwambia asimwambie mtu. Akasema, ona, bado wanamfuata.

Akaweka kiganja juu ya tundu. Halafu akalibusu.

Mimi nilitazama paa. Nilitazama viatu vyangu. Hapakuwa na pa kuweka macho. Nimefanya mambo mengi ya kipuuzi, lakini sijawahi kuona aibu kama hii, tena aibu isiyo na shahidi, ya kuila peke yangu. Nitalala na viatu.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe ameita ndugu. Kesho wanakuja kumwombea marehemu pale ukutani. Anataka pia chuo kiandike jina lake. Akaniuliza kuna mtu gani wa historia pale wa kumwona. Nikamwambia wote wamesafiri.

Mchana nikatembea naye kumwonyesha mji, nikaona Bi Ushahidi anatokea kona ya benki. Nikamgeuza mama mkwe kwa kasi, nikamwingiza duka la vifaa vya kuvulia samaki. Tukakaa humo tukitazama nyavu. Mama mkwe akazipapasa moja moja. Anadhani ni sehemu ya ziara.

Jioni, balaa. Jirani fundi seremala akaja kudai patasi yake. Akaletewa. Akaigeuza kwenye mwanga, akatoa macho. Makali yameisha! Na hii chokaa imetoka wapi? Akaniuliza mbele ya watu kitanda gani kimejengwa kwa chokaa. Mama mkwe, Mungu ambariki, alikuwa jikoni. Lakini mke wangu alikuwepo, na mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Alijumlisha.

Akasubiri fundi aondoke. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia mama hatasikia jambo hili kutoka kwake wala kwa mtu mwingine. Atalisikia kutoka kwangu, kabla ndugu hawajaanza kuomba. Nikasema sawa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Akanikumbusha kwamba baba yangu yu hai.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nimejifungia chooni.

Ndugu walijaa chini ya tao. Mama mkwe alivaa nguo mpya, ameshika picha pekee ya kaka yake, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikakohoa, nikasema kuna jambo napaswa kusema. Wote wakanigeukia. Mama mkwe akanitangulia. Akaniuliza, kwa kuwa mimi nimelichunguza jambo hili, kama kaka yake aliteseka.

Angeniuliza kitu kingine chochote! Nilikuwa na kweli mdomoni, iko tayari kabisa. Nilichosikia kikitoka ni kwamba hakuteseka hata kidogo. Kwamba alikuwa mstari wa mbele. Kwamba alikuwa anaimba. Nikataja na wimbo! Ndugu wakaanza kuuimba. Mke wangu aliondoa mguu wake juu ya wangu. Ningependa aendelee kunikanyaga.

Katikati ya wimbo akafika Bi Ushahidi na msafara wake. Akasimama kwa heshima mpaka wakamaliza. Kisha akauliza, taratibu, wanamwombea nani hapa. Mama mkwe akamweleza kwa furaha, akaninyooshea mimi kidole, akasema mkwewe ndiye aliyegundua. Bi Ushahidi akalitazama tundu. Akanitazama mimi. Akamwomba mama radhi, akainama, akasukuma chungu kikubwa cha maua kilichoegemea ukuta.

Nyuma yake jiwe la msingi. Napita hapo kila siku ya Mungu! Limeandikwa kwamba jengo hili limefunguliwa na waziri wetu wenyewe, miaka kumi na moja baada ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Siku kaka yake mama mkwe anaanguka, hapa palikuwa shamba la mahindi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nikajua hata ardhi isingenitaka. Mama mkwe akaniuliza nani aliyetoboa. Nikasema mimi. Akauliza na sisimizi. Nikasema chai, Mama. Niliweka sukari.

Hakunitukana. Alifuta midomo yake kwa upindo wa mtandio, taratibu, kama mtu aliyekula kitu kilichooza. Akasema, "Nimekusikia, bwana." Bwana! Jana nilikuwa mwanangu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelala kochini. Nimestahili sakafu.

Asubuhi nilimpigia mama mkwe magoti. Safari hii sikupiga chuku, sikujitetea, nilisema nilivyofanya na kwa nini, hata ile habari ya viatu visivyo na kamba. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikuthubutu kuuliza.

Bi Ushahidi alijitolea kumpeleka mahali penyewe. Alikwisha kuwahoji watu watatu waliokuwa kwenye maandamano, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walimpeleka kwenye ukuta ule ule. Ni nyuma ya jiko la zamani, kwenye mlango wa nyuma. Hata kuufikia ule wa mbele hawakuwahi. Sasa mapipa ya taka ndiyo yanayokaa hapo. Mke wangu aliniruhusu nije, ila nisimame upande wa mapipa. Nikasimama.

Ukuta wenyewe umepakwa rangi upya, laini, hauna alama yoyote. Mama mkwe akaweka kiganja. Akakisogeza huku na huku, hakikupata pa kushika. Hakulia. Kisha akainama, akatazama chini, pale ukuta unapokutana na sakafu. Akatazama muda mrefu. Wengine walidhani anasali. Mimi peke yangu nilijua anatafuta nini.

Hapakuwa na sisimizi hata mmoja.

Akajiinua kwa kushika bega la binti yake, akasema twendeni. Alipopita karibu nami aligeuza uso. Moyo umeniuma kuliko jana. Jana nilijionea aibu mwenyewe. Leo nimemwonea huruma yeye, na sijui huruma hii niipeleke wapi.

Nimemnunulia fundi seremala patasi mpya, na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitagusa tena ukuta wa mtu. Nimeapa kwa kweli. Uongo nimeacha.

Kesho mama mkwe anarudi kwao. Ameomba apitie pale kwa mapipa mara ya mwisho kabla ya kupanda basi. Sisimizi sijui huchukua muda gani kufika mahali, kwa hiyo nitawahi, kabla wanaozoa taka hawajaja. Chupa ya chai nimeshaijaza. Sukari nimekoroga nyingi.

Patasi sitaigusa. Sukari si patasi.