Mashoto wa Siku Tatu

Alhamisi, 4 Septemba

Kesho maonyesho ya utalii yaanza, ukumbini Ganjoni. Bi Ruweida, mwenye kampuni, amenikabidhi kibanda cha safari za gofu. Nisipoandikisha watu ishirini kufikia Jumapili, nafasi yangu apewa Ketty, mwenzangu wa ofisini. Sijapata kucheza gofu maishani. Bi Ruweida aamini mimi bingwa, maana nilimwambia hivyo siku ya usaili. Bango liko tayari: mimi, fimbo ya kuazima juu, kwenye nyasi za shule. Nimependeza, lazima nikiri.

Ijumaa, 5 Septemba

Balaa! Akaja Mzee Mung'aro, rubani wa meli mstaafu, mcheza gofu miaka arubaini. Akalikodolea macho bango. Akasema fimbo ile ni ya mashoto. Kumbe ziko za kulia na za kushoto! Nani angejua? Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Nikasema mimi mashoto tangu kuzaliwa. Mzee nusura anikumbatie: naye mashoto, na miaka yote hiyo hajapata mwenzake. Akajiandikisha papo hapo. Jumapili ataleta marafiki waje wanione nikipiga. Ketty, aliyekuwa akigawa kalamu kando yangu, alisikia yote. Akatabasamu. Namwogopa.

Jumamosi, 6 Septemba

Mashoto kutwa nzima. Ketty hanibandui macho. Majina ya wageni nimeyaandika kwa kushoto, hata mwenyewe siwezi kuyasoma. Hilo dogo. Nimempa mama mmoja wa Makadara karatasi ya matangazo kwa mkono huo huo! Akaniuliza nimelelewa wapi. Kisha nikamkaribisha halwa bwana mmoja wa kanzu, kwa kushoto. Akaondoka bila kuaga, na wanawe watatu nyuma yake, kalamu walikuwa washazishika. Bi Ruweida akanivuta pembeni, akauliza adabu zangu nimeziacha wapi. Nikamjibu ndivyo nilivyoumbwa. Akaniomba radhi. Bi Ruweida, kuomba radhi! Majina tisa tu.

Jumapili, 7 Septemba

Mzee Mung'aro kaja na wenzake kumi na mmoja. Tisa na kumi na mmoja, ishirini! Lakini hawajiandikishi mpaka wanione. Nikadai nimeteguka bega. Ketty akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba asubuhi nilibeba meza peke yangu. Nikashika fimbo. Nikafumba macho nikapiga. Mpira haukusogea. Fimbo ndiyo iliyoruka, ikapasua bango, usoni pangu hasa. Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Mung'aro hakucheka. Akasema jana alimwambia mkewe kwamba hatimaye amepata mwenzake. Akafuta jina lake kwenye daftari, taratibu, kwa kushoto. Nimeona haya. Kweli kabisa nimeona haya.

Jumatatu, 8 Septemba

Ketty ana meza yangu. Mimi nimepelekwa stoo, Buxton, kuhesabu mabango ya zamani. Nimeapa: uongo basi! Saa nane tukaitwa mkutanoni. Bi Ruweida akasema mwezi ujao kuna maonyesho ya kupiga mbizi, ataka mzamiaji hodari wa kusimamia kibanda. Kila mtu akatazama viatu vyake. Hata Ketty aliinama. Mimi sijui kuogelea, maji yakifika kifuani napiga mayowe. Nikanyoosha mkono.

Wa kulia, safari hii. Sirudii kosa.