Ukurasa Mweusi, Herufi Nyeusi

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya mkuu wa stoo imetangazwa. Ofisi yenye mlango! Hapa kwenye kiwanda cha magodoro karani kama mimi hana mlango, ana Shingo, jirani yangu wa meza, bingwa wa kuchungulia skrini za watu. Nikianza barua ya maombi tu, ataiiba yote. Na mke wangu ameshamwambia mama mkwe kwamba cheo nimepata. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Dawa ya Shingo imepatikana! Shemeji, fundi kompyuta, aliniwekea kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yangu. Si mashine ya kushika, ni programu inayoigiza kompyuta: ina dirisha lake kwenye skrini, programu zake. Nimeingia humo nikaivalisha programu ya kuandikia barua sura mpya: ukurasa mweusi, herufi nyeusi. Shingo kachungulia, kauliza kama umeme umekatika. Nikamtumia shemeji picha nijisifu, naye kapiga simu kunionya kwamba hiyo ni sura ya skrini yangu tu, barua yenyewe haibadiliki. Nikamwambia wivu haufai baina ya ndugu.

Jumatano, 6 Machi
Raha iliyoje kuandika bila kuona! Nikikwama namsema bosi kidogo, nishushe presha. Nani atajua? Nimeandika kwamba anatembea kama bata, na kwamba godoro la maonyesho ofisini kwake limebonyea kwa usingizi wake mwenyewe. Kisha nikarudi kwenye uaminifu wangu na uchapakazi. Nimetuma.

Alhamisi, 7 Machi
Bosi kaniita. Kwenye kompyuta yake ukurasa ni mweupe pee, na kila neno lipo! Kaniamuru nisome kwa sauti. Nikasoma, jasho likinitiririka. Nilipofika kwenye bata, akainuka kwenda kufunga mlango. Kweli, bata kabisa.

Ijumaa, 8 Machi
Shingo ndiye mkuu wa stoo. Mimi nampokelea simu. Mke wangu hanisemeshi tangu jana, na mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza. Nimejifungia chooni nikalia, sifichi.

Lakini nimetafakari. Kosa lilikuwa rangi. Nyeusi inavuta macho mno! Sasa nimeweka ukurasa mweupe na herufi nyeupe, na humo namwandikia bosi barua ya kuomba radhi. Inakwenda vizuri sana. Aya ya kwanza ni majuto matupu, ya pili yote ni kuhusu kitambi chake.