Watoto Wanaogopa Nafasi Wazi

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Mazoezi tena, aibu tena. Mpira ukienda kulia, watoto wote kulia. Ukienda kushoto, lundo zima kushoto, na vumbi lao. Leo Malale kang'oka jino chini ya lundo. Mama yake, Monika, kalipeleka kwa Padri limefungwa kwenye leso. Padri kaniita. Jumamosi tunacheza na watoto wa Misunkumilo. Nikiwa bado sijaweza kuwatawanya hawa wangu, timu anampa Salvator. Salvator wa kwaya! Ameshanunua filimbi. Timu ikienda kwake, watoto wanaifuata, na mafundisho ya Komunyo nitayafundishia mabenchi. Ee Mungu, unaniona.

Jumanne, 6 Agosti
Nimewaeleza kwa upole. Mwenzio akiwa na mpira, usimrundikie. Nenda palipo wazi, atakuona, atakupasia. Nikakimbia mwenyewe kuwaonyesha, kitenge nimekishika mkononi. Wakanitazama kama nimepotea njia. Edina, wa miaka saba, akakataa katakata. Nikamuuliza, mama, kwa nini? Akasema, "Mwalimu, si ulisema palipo wazi anakaa shetani?"

Nikakaa kwenye nyasi. Ni kweli nilisema. Kanisani mabenchi hayatoshi na walikuwa hawasogeleani, nikawaambia ukiacha nafasi kati yako na mwenzio, shetani anakaa hapo. Wakabanana siku ile ile. Fundisho zuri, sijutii. Ila Salvator alisikia yote, akacheka mpaka akajishika magoti.

Jumatano, 7 Agosti
Nimesali rozari nzima, jibu likaja. Kusema nilitunga siwezi, wataanza kuuliza na mengine. Kwa hiyo nimewaambia uwanjani mambo ni tofauti. Uwanjani, palipo wazi pana malaika mlinzi. Kila mmoja na wake, anamngoja. Makoye akauliza malaika anavaa jezi gani. Nikamwambia haonekani, nenda tu.

Wakatawanyika! Malale na pengo lake kule, Edina huku, uwanja umejaa watoto pande zote. Machozi yalinilenga. Nikamwita Salvator aje aone. Akatazama, akasema, "Mama Josephina, mbona hawakimbii?" Wivu tu huo.

Ijumaa, 9 Agosti
Sijala vizuri. Ni kweli hawakimbii. Makoye anasema akihama, malaika wake atabaki peke yake, si adabu. Nimemwambia atakufuata. Akaniuliza, na nikikimbia sana akachoka? Padri kapita na baiskeli, kasema kesho anakuja na kiti chake. Nimewaambia watoto, nyie, kesho mchangamke. Wakaitikia amina.

Jumamosi, 10 Agosti
Misunkumilo wamekuja lundo moja, kama sisi wa Jumatatu. Lundo likapita katikati. Wangu wamesimama kila mtu mahali pake, mikono nyuma, kwa heshima. Mpira ukafika miguuni mwa Makoye, akaupisha. Nikapiga kelele, hama, baba, hama! Akajibu kwa sauti ya kusali kwamba malaika wake yuko hapo. Tumefungwa saba.

Padri akauliza, malaika gani? Edina akamweleza yote, kuanzia shetani wa benchi. Mtoto anajua kueleza, nimemfundisha mwenyewe. Padri akakunja kiti chake. Kisha akasema timu ni ya Salvator, na mimi nisimsingizie tena shetani wala malaika. Nikaapa. Filimbi ikalia hapo hapo.

Jumapili, 11 Agosti
Kwenye mafundisho wamekuja wawili, Edina na Malale. Wengine wote wako uwanjani kwa Salvator. Nimechungulia dirishani: lundo lile lile, filimbi inalia mpaka inakauka. Nimefurahi, nikatubu, nikachungulia tena.

Huyu hawezi kuwatawanya, na jino la pili likitoka, Padri atanirudishia timu mimi. Lakini watoto wangu wasiumie. Basi nimemvuta Edina pembeni, nimemwambia awaambie wenzake taratibu kwamba mpira una roho ndogo, ukizongwa na watu wengi unalia. Akashtuka, akakimbia kuwaambia.

Kiapo sijavunja. Padri kataja shetani na malaika. Mpira hakuutaja.